Stika za mraba wa paka: nyota tatu
Nimelipa shilingi 12,000 kwenye duka la kuchapisha mabango Kariakoo wanitolee stika nne za sakafuni, kila moja duara jeusi lililomegwa robo kama chapati. Ukizipanga pembe nne, jicho linaona mraba usiokuwepo. Michoro ya namna hiyo aliieleza Gaetano Kanizsa wa Italia mwaka 1955. Utafiti wa 2021 ukakuta paka wanaukalia mraba huo sawasawa na ule wa kweli. Paka wangu Shombo alinusa, akazunguka, akajilaza katikati, mkia kaukunja usivuke “mstari”. Nilicheka peke yangu! Ila gundi mbovu: siku ya tatu nilipopiga deki stika moja ikabanduka, mraba ukapotea, naye karudi kwenye boksi la viatu.