Noah ya kukodi Dar mpaka Mwanza: dereva nyota tano, gari nyota mbili

Nilikuwa nahamia Mwanza kikazi, vitu vyangu si vingi, friji dogo, godoro la tano kwa sita, jiko la gesi, mabegi na ndoo mbili za vyombo. Canter nzima kwa vitu hivyo ni kutupa hela, kwenye basi friji tu wanakutajia bei unabaki kucheka, na SGR inaishia Dodoma. Washkaji zangu watatu wakasema tunakusindikiza, hatujawahi kuona ziwa, basi tukakodi Noah na dereva wake kwa laki sita na nusu, mafuta juu yetu. Mwenye gari simtaji, mtajua kwa nini.

Gari yenyewe Noah old model, ile injini iko chini ya siti za mbele. Kama hujawahi kukaa mbele safari ndefu sikuombei, yaani ukifika Morogoro unahisi umekalia jiko la mkaa. Tulikuwa tunapokezana, kila mtu saa moja na nusu, dereva maskini ndo hana wa kumpokea, ameweka kipande cha godoro chini na anaendesha kama kawaida. Mwenye gari alituapia AC inafanya kazi. Inafanya kweli, inapuliza joto.

Siti ya nyuma kabisa ilitolewa, mizigo ikapangwa pale na sisi watatu siti ya kati. Dereva ni mzee wa makamo, Msukuma wa Magu, na nilimwelewa tangu tunapakia Mbezi saa kumi alfajiri. Alivyoona mtungi wa gesi akasema huu haupandi na watu humu ndani. Nikamwambia mzee si umefungwa vizuri? Akasema, "Mwanangu, hata mimi nina watoto." Mtungi ukabaki kwa jirani.

Tukapasuka tairi tumeshapita Gairo, na spea ikatolewa ina kipara kabisa, nyaya zinachungulia. Tulienda mdogo mdogo mpaka Dodoma tukanunua mtumba, hela yetu, mwenye gari kwa simu anasema "tutarekebishana". Hapo nilipaswa kushtuka. Kwa hiyo we ukikodi gari, spea iangalie kwa macho yako na uibonyeze, usiulize kama ipo.

Halafu njia hii ni ya spidi fifte fifte kila kijiji, na tochi za trafiki za kupima spidi hujui zimejificha wapi. Kilomita kama 1,150 zote mzee hakupigwa faini hata moja, ila mshkaji wangu alivyoomba kushika usukani kidogo baada ya Manyoni, nusu saa tu, elfu 30 ikaondoka. Mzee hakusema kitu, akazunguka upande wa dereva akasubiri ashuke.

Tulilala Singida, kuku wa kienyeji pale acha tu, mgumu kutafuna lakini mchuzi wake unasahau joto la siti. Asubuhi tukateremka mlima Sekenke na hapo ndo nilijua tumelipia nini. Malori yanateremka yananuka breki, mzee ameshusha gia ameiacha injini ikamate, mguu hauko kwenye breki muda wote, anatusimulia habari za ng'ombe wa mjomba wake kama yuko sebuleni. Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga nzima nililala. Niliamshwa Usagara, mawe yameanza, na washkaji wanagombana lipi likianguka litaua watu wengi.

Sasa nilikosea mwenyewe hapa. Chumba nilipangiwa na ndugu, Mabatini, kwenye picha kizuri, hakuna aliyeniambia gari inaishia chini na nyumba iko juu kwenye mawe. Vijana wawili wakabeba friji kwa elfu 10, wanaruka jiwe hadi jiwe kama mbuzi, mi na begi moja la nguo nilipumzika mara nne.

Tunashusha vyombo, simu ya mwenye gari ikaingia: mafuta ya kurudi ni ya kwangu, na nisipotuma dereva hatoki Mwanza. Tangu mwanzo hatukuongea hilo kabisa, na kwenda peke yake kulikuwa kumeshakula kama laki nne. Tulibishana mpaka salio likakata. Muulize mtu kabla hujalipa, mafuta ya kurudi ya nani, na akujibu kwa meseji siyo kwa mdomo.

Mzee akaniambia dogo tulia, mi hapa ni kwetu. Tukamnunulia sato wa kuchoma na ugali, akanawa mikono akaenda Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki na dagaa, jioni akanipigia amepata mzigo wa kurudi nao Dar, mafuta yamepatikana na chenji juu. Magunia ya dagaa, gari imejaa mpaka mlangoni.

Namba yake ninayo na nikihama tena nampigia yeye, atafute gari nyingine tu.

Wiki ilofuata mwenye gari akanitumia meseji ndefu, gari inanuka, wateja wanashuka, nani atalipa kuosha. Nikamjibu awashe AC.