Vigae vya Ukuta wa Jikoni: Vya Kununua Kwanza na vya Kuacha Mwisho

Ukuta ulio kati ya kaunta na makabati ya juu ni mfupi, mara nyingi sentimeta 45 hadi 60 tu, lakini ndio unaopokea mafuta yanayoruka kutoka kikaangoni, mvuke wa sufuria, maji ya sinki na vidole vyenye unga. Kwa hiyo anayekwenda dukani kuchagua vigae vya nakshi vya ukuta huo ajiulize jambo moja kabla ya kutazama rangi: maungio, yaani nafasi kati ya kigae na kigae, yatakuwa na jumla ya urefu gani? Kigae chenyewe hufutika kwa kitambaa chenye sabuni. Kinachofifia, kunyonya manjano na kumuudhi mwenye nyumba kwa miaka ni grauti, ule mchanganyiko unaojazwa kwenye maungio hayo.

Hesabu yake haina ugumu. Katika mita moja ya mraba, vigae vya sentimeta 30 kwa 60 huwa na takriban mita 5 za maungio. Vigae vidogo vya 7.5 kwa 15, vile vyeupe vilivyopata umaarufu katika vituo vya treni za chini ya ardhi za New York zilizoanza kazi mwaka 1904, huwa na mita 20. Mozaiki ya vipande vya sentimeta 2.5 ina mita 80, zote zikisubiri kusuguliwa kwa mswaki. Nimevipanga vigae kwa kuzingatia hesabu hiyo kuliko uzuri, na anayeutanguliza uzuri anaweza kuugeuza mpangilio wangu bila lawama.

Nafasi ya kwanza naipa kauri ya kawaida ya ukutani yenye tabaka la kioo lililochomewa juu. Mwili wake ni laini na hunywa maji, jambo linaloiharibia sifa sakafuni, lakini ukutani hakuna anayeikanyaga, na tabaka la juu halipitishi mafuta wala limau. Hukatwa kwa mashine ndogo ya mkono, ni nyepesi, na ina nakshi nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Ningechukua ukubwa wa kati, kama sentimeta 10 kwa 30, unaopendeza bila kuzidisha maungio. Kasoro yake ni kingo: pale ukuta unapoishia wazi, ubavu mwekundu au mweupe wa kigae huonekana, hivyo ulizia mapema ukanda wa alumini wa kufunikia.

Posileni, kauri ngumu iliyochomwa kwa joto kali, inafuata. Hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake na ni ngumu sana, ila ugumu huo ukutani hauna kazi kubwa, ilhali fundi atahitaji diski ya almasi kutoboa kila tundu la soketi. Kwa kuwa hainyonyi, saruji tupu haiishiki vizuri. Itumiwe gundi ya vigae iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Vigae vya kioo ni vya tatu, navyo huangaza jiko lenye giza. Hata hivyo, kigae kinachopitisha nuru huonyesha kila kilicho nyuma yake. Gundi iwe nyeupe, na mistari iliyoachwa na mwiko wenye meno isawazishwe kwanza, la sivyo itaonekana daima kama matuta ya shamba. Mozaiki ya karatasi za wavu, yaani vipande vidogo vilivyobandikwa pamoja juu ya wavu, naiweka nafasi ya nne, na ningeitumia kwa mkanda mwembamba tu: mwanya kati ya karatasi na karatasi ukipishana kidogo na ule ulio ndani ya karatasi, jicho litaona miraba mikubwa badala ya nakshi.

Mawe ya asili, hasa marumaru halisi, ni mazuri kuliko yote niliyoyataja, na bado nayaweka ya tano. Marumaru ni kalisi kaboneti, nayo huliwa na asidi. Niliwahi kuacha nusu ya limau juu ya sampuli niliyopewa dukani. Asubuhi palikuwa na duara lililopoteza mng'ao, na halikuondoka kwa sabuni wala kwa kusugua. Dawa ya kuziba vinyweleo huzuia doa la mafuta kupenya, lakini haizuii asidi kula uso wa jiwe, tofauti ambayo wauzaji wengi huipita kimya. Vigae vya saruji vyenye michoro vina udhaifu kama huo. Vya kubandika vya plastiki ni vya mwisho, na visikaribie moto.

Kwa ununuzi wenyewe, pima urefu kwa kimo, kisha ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya kukatwa, au 15 ikiwa mpangilio ni wa mshazari. Soma namba ya toleo iliyochapwa kwenye kila boksi na uhakikishe zinafanana, kwa maana nyeupe ya tanuri moja si nyeupe ya tanuri nyingine. Grauti isiyo na mchanga ni ya maungio yaliyo chini ya milimita 3, na pia ya kioo na marumaru, ambavyo hukwaruzwa na mchanga. Nyuma ya jiko la kupikia, grauti ya epoksi, iliyotengenezwa kwa gundi ya kemikali badala ya saruji, inastahili gharama na usumbufu wake kwa sababu hainyonyi mafuta.

Kabla ya kubandika, umeme uzimwe, soketi zilegezwe, na ukuta uoshwe mafuta hadi plasta ishike maji. Panga safu nzima sakafuni kwanza: ikiwa kipande cha pembeni kitakuwa chembamba kuliko nusu ya kigae, sogeza katikati upya. Usiiamini kaunta kuwa imenyooka; weka pima maji, kisha anza na mstari ulionyooka kweli, na tofauti yoyote ifichwe kwenye safu ya chini. Paka gundi eneo ambalo utaweza kulijaza kabla haijaota utando, weka misalaba ya plastiki ya kutenganisha vigae, kisha subiri saa 24, au muda ulioandikwa kwenye mfuko, kabla ya kujaza grauti. Ungio la chini kabisa, linalokutana na kaunta, lisijazwe grauti hata kidogo. Kaunta na ukuta havichezi pamoja, na grauti iliyo hapo itapasuka. Mahali pake ni silikoni ya rangi ileile, ikilainishwa kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni.