Matairi ya tubelesi kwenye rafu rodi yenye miiba: uzoefu wangu

Nianze na hukumu ili asiye na muda asihangaike. Kwa anayefanya mazoezi na kushindana kwa baiskeli kwenye vumbi na changarawe huku kaskazini mwa Tanzania, ambako mbigili na miiba ya migunga imetapakaa mpaka pembeni mwa lami, matairi ya tubelesi, yaani yasiyotumia tyubu ndani, yanastahili bei yake na usumbufu wake. Kwa anayezunguka kwenye lami ya mjini Jumapili moja moja, hayastahili. Kinachowatenganisha watu hawa wawili si mfuko, ni dawa. Dawa ya kuziba pancha iliyomo ndani ya tairi inaisha taratibu kama oili ya injini, na asiyeifuatilia hubaki na tairi la bei lisilo na tyubu wala kinga.

Seti ninayoizungumzia: matairi ya 700 x 40 (40 ni upana kwa milimita) yenye vifundo vifupi, rimu za alumini zenye upana wa ndani wa milimita 23, valvu za Presta (zile nyembamba za baiskeli), na dawa ya utomvu wa mpira. Njia ni za Monduli, Longido, na ile ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka mpaka Ngare Sero, yaani vumbi, mawe ya volkano na miiba. Njia hizohizo nimezipita kwa tyubu, kwa hiyo silinganishi na maneno ya kwenye boksi.

Kabla ya kununua chochote, kagua rimu. Baiskeli nyingi za mtumba zina rimu za tyubu tu. Rimu ya tubelesi ina kitako bapa ambapo ukingo wa tairi unakaa, na mwisho wa kitako, upande wa katikati, kuna kinundu kinachozuia ukingo usiteleze. Pitisha kidole. Ukikuta mteremko laini mpaka katikati, bila kitako wala kinundu, achana nayo. Wapo mafundi watakaokuambia utepe unaofunika matundu ya spoku ukizungushwa mara nne tairi litakaa. Litakaa, baiskeli ikiwa imeegeshwa. Kwenye kona ya mteremko wenye changarawe, tairi likichomoka halikupi onyo. Alama za kutafuta ni “Tubeless Ready” au TLR. Kampuni ya WTB wao huandika TCS. Ukibahatika kukutana na baiskeli kuukuu ya milimani yenye rimu za UST, mfumo ambao watengenezaji wa rimu Mavic walianza nao mwaka 1999, utakuta sakafu ya rimu haina matundu ya spoku kabisa na haihitaji utepe. Tatizo ni kwamba nyingi ni za inchi 26, haziingii matairi ya 700.

Rimu zisizo na kulabu za kushika ukingo zina sharti lake: presha isizidi baa 5, yaani kama psi 72, na tairi liwe limeidhinishwa na mtengenezaji wa rimu. Sisi wa changarawe hatufiki huko. Wa lami ndio wasome vizuri.

Utepe ndio kazi yenyewe. Karibu kila malalamiko ya “tubelesi haishiki upepo” yanaishia hapo. Upana wake uzidi upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 au 3, kwa hiyo rimu ya 23 nimeiwekea utepe wa 25. Safisha rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana alama ya kidole tu inatosha kuinua utepe. Anza upande ulio mkabala na tundu la valvu, vuta utepe kwa nguvu ukiwa umebana rimu katikati ya magoti, bonyeza kwa dole gumba mpaka mapovu ya hewa yaishe, kisha maliza kwa kupandanisha sentimita 10 hadi 15. Utepe mwembamba uzungushe mara mbili. Tundu la valvu litoboe kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, kwa sababu moto huacha ukingo ulioyeyuka na kukaza, wakati kisu huacha mkato unaoendelea kuchanika. Nikimaliza huweka tyubu, napuliza, naacha usiku kucha ili utepe ulale. Utepe mweusi wa mafundi umeme usiutumie: gundi yake inalainika kwa joto, na rimu iliyoshinda juani Longido ina joto la kutosha.

Valvu ikaze kwa vidole. Anayeikaza kwa koleo atajuta porini siku atakapotaka kuitoa aweke tyubu.

Kukalisha tairi kunahitaji upepo mwingi kwa mkupuo. Paka maji ya sabuni kwenye kingo zote mbili. Kompresa ya sheli inafaa, ila mdomo wake ni wa valvu za gari, hivyo beba adapta ya Presta. Adapta hujifunga kwenye kiini cha valvu, kile kipande cha ndani kinachofungulika na ndicho kinachozuia upepo, kwa hiyo kiini hakitolewi. Tairi likikataa, nenda gereji yenye bunduki ya upepo: toa kiini, bana ncha ya mpira ya bunduki juu ya valvu, piga upepo kwa vipindi vya sekunde moja moja. Utasikia “pa! pa!” ukingo unapopanda kitakoni. Bunduki haina kipimo na fundi wa magari amezoea presha nyingine kabisa, basi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi msomee kwa sauti. Kagua mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na rimu. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa, hata kama limeshika upepo.

Sasa toa upepo: kingo hubaki zilipo, na hapo ndipo dawa inaingia. Tikisa chupa vizuri na umimine papo hapo, kwa kuwa chembe za kuzibia huzama chini haraka. Natumia bomba la sindano la mililita 60 la duka la dawa pamoja na kipande kifupi cha mpira wa dripu kinachoingia ndani ya valvu. Kiini lazima kiwe nje, la sivyo chembe zinakiziba. Kwa 700 x 40 naweka mililita 60 mbele na 80 nyuma. Tairi la nyuma ndilo linalobeba mzigo na kuokota miiba mingi. Jaza upepo, zungusha gurudumu, lilaze juu ya ndoo dakika kumi kila upande, kisha endesha. Kupungua psi 5 usiku wa kwanza si ugonjwa.

Likishuka zaidi ya hapo, paka maji ya sabuni uone mapovu yanatokea wapi. Kwenye vichwa vya spoku, ni utepe. Kwenye mzizi wa valvu, ni valvu au tundu lake. Kando ya rimu, ukingo haujakaa au dawa haijafika. Vitone vidogo vya maziwa ubavuni mwa tairi jipya ni kawaida na hukauka.

Faida kubwa ni presha. Kwa tyubu nilikuwa nalazimika kupanda hadi psi 45 kuepuka pancha ya kubanwa, ile inayoacha matundu mawili sambamba tyubu inapominywa kati ya jiwe na rimu. Bila tyubu, kwa mwendeshaji wa kilo 72, mawe yakiwa mengi naweka 28 mbele na 31 nyuma. Njia ikichanganyika na lami, 33 na 36. Mikono haichoki sana na gurudumu la nyuma halirukiruki ukipanda kilima chenye kokoto. Ukishuka mno, tairi linacheua: linatoa upepo na dawa pembeni kwenye kona kali, na psi kadhaa zinapotea kwa mara moja. Kipimo cha pampu kubwa hakisomi vizuri presha ndogo. Nunua cha kidijitali. Na kumbuka joto: tairi lililopimwa alfajiri kwenye nyuzi 15 likifika nyuzi 35 mchana linaongeza kama psi 3.

Wanaosema tubelesi ni nyepesi sana wanatia chumvi. Tyubu ya kawaida ya ukubwa huu ina gramu 150 hadi 200. Toa dawa na valvu, unaokoa gramu mia hivi kwa gurudumu. Sijaisikia kwenye miguu.

Mbigili ndiyo inayoilipa tubelesi. Ing’oe, zungusha tundu lielekee chini, hesabu mpaka kumi, endelea. Mwiba wa mgunga ni mwingine: ukiwa mrefu, unaweza kupita tairi na kutoboa mpaka utepe. Dawa inaziba tundu la tairi huku upepo ukitorokea kwenye spoku, na mtu anahangaika kutafuta tundu asilolipata. Ukiwa umebakiza kilomita chache na tairi limeshika, uache mwiba mahali pake. Ukate tu kwa nje ili usije ukagusa fremu.

Tundu likizidi milimita 3 au 4, dawa pekee hairudishi upepo. Chomeka uzi wa mpira. Nyuzi za bodaboda zinazouzwa kila mahali ni nene mno na kifaa chake kinapanua tundu dogo, lakini ukipasua uzi mmoja kwa urefu ukapata miwili na kutumia sindano nyembamba ya baiskeli, unafanya kazi vizuri tu. Acha mikia ya milimita 5 nje; usiuvute ukadhani unausafisha. Mpasuko wa ubavuni, ambao mawe ya Engaruka huutoa bila huruma, hauzibwi na uzi. Hapo unaingiza kiraka cha tairi kuukuu ndani, juu yake tyubu.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kwanza, ukingo umeganda kwenye kitako: simamisha gurudumu, sukuma kingo zote ziingie kwenye bonde la katikati kuzunguka rimu nzima, ndipo utumie vyuma vya kutolea tairi. Pili, tairi lililokaa miezi kwenye miiba limejaa ncha ndogo ambazo dawa ilizifunika kimyakimya, na tyubu mpya itatobolewa papo hapo. Geuza tairi ndani nje, papasa kwa kitambaa, toa kila ncha kwa koleo dogo. Hiyo ni nusu saa, si dakika tano. Tyubu za TPU, zile za plastiki nyembamba, zinafaa kubeba kwa wepesi wake, ila solushen ya kawaida haizishiki. Zinahitaji viraka vyake.

Kukauka kwa dawa ndiyo kero inayobaki. Chupa nyingi huandika miezi kadhaa, lakini kwenye kiangazi cha huku sitegemei zaidi ya miezi miwili. Maji yake hutoroka kupitia tairi na utomvu unaganda kuwa utando na vidonge. Toa kiini, ingiza utepe mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya: ukitoka umelowa, bado, ukitoka mkavu, ongeza mililita 30 hadi 40. Kutikisa gurudumu kusikiliza mchakacho hakutoshi, kwani vidonge vilivyoganda navyo vinagonga. Dawa ya kijani ya pikipiki, yenye glaikoli na nyuzinyuzi, haikauki haraka na ni rahisi, lakini ni nzito na inachelewa kuziba kwa presha za baiskeli. Kwa baiskeli ya mizigo sawa. Kwa mashindano, hapana. Usichanganye aina mbili ndani ya tairi moja. Na mitungi ya gesi ya kaboni inaweza kugandisha dawa za utomvu, kwa hiyo ukiitumia, weka valvu juu kwanza, na ukifika nyumbani toa gesi yote ujaze hewa.

Kwa mashindano ya siku kadhaa kama Migration Gravel Race ya Maasai Mara, iliyoanza mwaka 2021 na huendeshwa kwa siku nne, ongeza dawa siku mbili tatu kabla, wala si usiku wa kuamkia, ili upate muda wa kuona kama kuna kinachovuja. Usiende na tairi ambalo halijawahi kuguswa na vumbi. Mfukoni: nyuzi tano au sita, sindano yake, pampu ndogo, tyubu moja iliyofungwa kwenye soksi isikwaruzwe, kiraka cha tairi, koleo dogo, kiini cha valvu cha akiba na kifaa cha kukifungulia.

Hicho kiini usikidharau kwa udogo wake. Baiskeli ikiegeshwa valvu ikiwa chini kabisa, dawa hujikusanya hapo na kukiziba. Asubuhi unapuliza pampu inagoma, unadhani pampu ndiyo mbovu. Egesha valvu ikiwa juu, na kabla ya kupima presha subiri dakika moja dawa iteremke.