Jozani kwa miguu: acha kandambili nyumbani

Miaka yote nakwenda Unguja kwa harusi na misiba, na msitu wa Jozani nauona dirishani tu, daladala ya Jambiani ikipita chini ya miti iliyofunika barabara. Safari hii nikashuka.

Kandambili ndizo zilizoniponza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia ya msituni imejaa tope na majani yaliyooza, na mbu walinila vifundo vyote. Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu. Beba na kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni, na kiongozi yumo humo humo.

Ndani ya msitu penyewe sikuona kima hata mmoja. Miti mirefu, baridi tamu, basi. Ningegeuza hapo ningesema nimeliwa hela. Kumbe wenyewe wako ng'ambo ya barabara, kwenye mashamba, wanakula majani machanga ya mikungu na miembe. Kima punju! Mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kuzunguka uso kama babu aliyeamshwa usingizini. Duniani kote hapatikani ila Zanzibar. Dole gumba hana la kusema, lakini anavyoruka na mtoto tumboni utashika roho mkononi.

Shangazi yangu wa Unguja ananiambia wazee waliwaogopa: punju ni sumu, na mti waliokula waliamini utakauka. Cha ajabu, sumu wanaihofia kima wenyewe. Wanaokota mkaa kwenye matanuri na kuutafuna ili kupunguza makali ya yale majani. Nilimwona mmoja mdomo mweusi tii.

Wanakaa karibu sana, lakini usiwalishe wala kuwagusa. Mafua yako yanaweza kuwa msiba kwao. Kuna wageni walitaka picha ya bega kwa bega, kiongozi akawasogeza kwa upole niliousifu.

Njia ya mbao kwenye mikoko ya kijiji cha Pete usiiruke. Tulikuta maji yamekupwa, kaa wanakimbizana kwenye mizizi, kimya kabisa.

Jioni, kwenye daladala, nikamwomba konda amwambie dereva apunguze mwendo, kima wanavuka. Akacheka.

"Dada, hayo matuta unadhani yaliwekwa kwa ajili yetu?"