Uzoefu wangu na fundi wa bwawa: miaka miwili, maji hayajageuka kijani tena

Nilianza kutumia huduma hii mwaka juzi, masika yalipoisha, bwawa letu likiwa la kijani kiasi kwamba ukisimama ukingoni huoni ngazi ya pili. Tunaishi Mbezi Beach, na bwawa lenyewe ni la kawaida la nyumbani: mita 8 kwa 4, kina cha wastani kama mita 1.4, yaani lita elfu 45 hivi. Kabla ya hapo tulikuwa na kampuni iliyokuja kila Jumamosi. Vijana wao walipitisha wavu juu ya maji, wakamwaga klorini, wakasaini daftari, wakaondoka. Maji yakianza kubadilika, dawa inaongezwa. Nilinunua ndoo juu ya ndoo, na watoto bado walitoka majini macho mekundu.

Fundi niliyeelekezwa na jirani hakugusa ndoo ya dawa siku ya kwanza. Aliokota jani kavu la mwarobaini, akalidondosha karibu na ngazi, akachuchumaa kulitazama. Pampu inanguruma, jani limetulia palepale.

"Mama, dawa unayo ya kutosha," akaniambia. "Maji yako ndiyo yamesimama."

Tukaingia chumba cha pampu. Akaniuliza geji ya presha iliyo juu ya filta husoma ngapi filta ikiwa safi. Sikujua, maana miaka yote ile hakuna aliyewahi kunionyesha ile geji. Siku hiyo sindano ilikuwa kwenye 4. Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo ningependa kila mwenye bwawa alijue: presha ikipanda, filta imeshiba uchafu, ikishuka, pampu haipati maji ya kutosha, kwa hiyo tafuta kizuizi au hewa upande wa kuvuta.

Kwetu vilikuwepo vyote viwili. Maji ya bwawa yalikuwa yameshuka hadi chini ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu pamoja na takataka, ikawa inavuta hewa pamoja na maji. Yanatakiwa yafike katikati ya mdomo huo. Mpira wa kifuniko cha pampu ulikuwa umekauka na kupasuka, na kupitia kile kioo ungeona mapovu yakichemka ndani. Halafu ikaja impela, yaani gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akafungua pampu, akaingiza waya kwenye vijia vya impela na kuanza kuchokonoa. Nyuma ya ukuta wetu kuna mivinje mitatu, na kusi ikivuma majani yake yanaangukia majini. Ni membamba kama sindano, yanapenya kwenye matundu ya kikapu cha pampu bila shida. Yalitoka kidogo kidogo, yamesokotana na nywele za watoto, mpaka akaniwekea kiganjani kitonge cheusi cha ukubwa wa tende, kinanuka tope. Ndicho kilichokuwa kimeisakama pampu nzima.

Aliporudishia kila kitu alijaza maji kwenye pampu kwanza, kwa sababu ikizunguka kavu sili yake ya kuzuia maji kuvuja inaungua. Akawasha. Sindano ikaruka hadi 22, maana sasa maji yalikuwa yanasukumwa kwa nguvu kwenye mchanga mchafu wa ndani ya filta. Akazima tena, akageuza mkono wa vali, akaosha filta kwa kuyapitisha maji kinyume. Mafundi wanaita bakiwoshi. Yalitoka ya rangi ya chai ya rangi, kisha yakaanza kung'aa. Akazima, akageuza kwenye suuza kwa nusu dakika ili tope lililobaki lisirudi bwawani, akazima, akarudisha kwenye kuchuja. Mkono wa vali haugeuzwi pampu ikiwa inazunguka hata mara moja, la sivyo mpira wa ndani unachanika. Sindano ikatulia kwenye 12. Akaandika 12 ukutani kwa kalamu ya maka, na chini yake 20: ikifika hapo, osha. Maandishi hayo yapo hadi leo, na dada wa nyumbani anayasoma kila asubuhi.

Mwisho alizigeuza jeti zote, yaani matundu yanayorudisha maji bwawani, zitazame upande mmoja na kuinama kidogo, ili maji yazunguke na yafike nyuma ya ngazi, ambako kulikuwa na utelezi wa kijani. Ile sehemu bado tunaipiga brashi kila wiki, jeti pekee hazitoshi.

Kilichonifanya nimwamini kabisa ni kifuniko cha tundu la chini, lile la sakafuni ambalo pampu huvutia maji. Kilikuwa kimevunjika upande mmoja na sisi tulikizoea. Yeye alisema hakuna mtoto atakayeingia majini mpaka kibadilishwe, kwa sababu mvuto wa pampu unaweza kunasa nywele au mkono na kumshikilia mtu chini. Kampuni ya awali ilipita juu ya kifuniko kile kila Jumamosi. Nikikumbuka hilo bado moyo unashtuka. Kama unasoma hapa na una bwawa, nenda ukaangalie chako leo.

Kuhusu umeme: pampu yetu ni ya nguvu farasi 1, na ikiwa safi huzungusha maji yote kwa takribani saa 4. Ameiweka kwenye taima saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, kwa sababu jua ndilo linalokula klorini na kuotesha kijani. Ni unit zisizopungua 8 kwa siku, LUKU inaisikia. Umeme ukikatika taima ya kuzunguka inasimama na kubaki nyuma, kwa hiyo kila baada ya katikakatika irudishe kwenye saa sahihi. Mwezi mmoja yetu ilikuwa inaanza kazi adhuhuri na kumaliza usiku, na tulikuja kugundua maji yalipoanza ukungu.

Huduma ina kasoro. Anakuja kila wiki mbili kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, lakini akisema saa 3 tegemea saa 6, na risiti lazima umkumbushe. Mara ya kwanza maji ya bakiwoshi aliyaachia kwenye nyasi, zikaungua sehemu kubwa. Sasa tumechimba shimo la kokoto. Na katikati ya ziara zake kazi ni yako: kikapu cha skima kila siku msimu wa kusi, kikapu cha pampu kila wiki, kina cha maji, geji. Anayetaka kulipa na kusahau hatamfurahia.

Mimi namfurahia. Klorini ninayonunua sasa haifiki nusu ya ile ya zamani. Mwezi ujao tunabadilisha mchanga wa filta, ambao una miaka 6, na amenitaka niwepo anapofungua tangi ili niuone wa zamani kwa macho yangu. Nimeshaomba ruhusa kazini.