Shahada ya Sanaa au ya Usanifu wa Michoro?

Ukipenda kuchora, zote mbili zitakuvutia, lakini maisha ya darasani hayafanani. Katika usanifu wa michoro, yaani kubuni nembo, mabango na kurasa (graphic design), unapewa kazi yenye mteja, vipimo na tarehe ya mwisho. Utajifunza kwamba skrini huunda rangi kwa nyekundu, kijani na bluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta (waridi iliyokolea), njano na mweusi. Ndiyo maana bluu iliyong'aa kwenye kompyuta hutoka imefifia karatasini. Utasogeza herufi mbili kidogo kidogo mpaka nafasi kati yake ilitulize jicho.

Shahada ya sanaa haikupi mteja. Unaanza na turubai tupu na swali lako mwenyewe, kisha unasimama mbele ya walimu na wenzako kueleza kwa nini umechora hivyo. Hapo ndipo wengi hukwama.

Shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, iliwapitisha wanafunzi kwenye kozi ya msingi kabla ya kuingia karakana. Mimi ningetanguliza chuo chenye msingi wa namna hiyo. Bado unasita? Fungua daftari lako la michoro: limejaa herufi na nembo, au nyuso na mikono?