Laptopu ya gemu inayovuma: uzoefu wangu hapa Mbeya

Nianze na jibu kwa wanaotaka kununua: mashine ni nzuri, inavuma, na bado ninayo. Ni mtumba kutoka nje, niliichukua kwenye duka moja la Mwanjelwa kwa milioni 2 na chenji kidogo. Kioo ni cha hezi 144 (kinabadilisha picha mara 144 kwa sekunde), picha haikwami, na keybodi inavumilia vidole vyenye hasira. Chaji haikai, lakini nani hununua mashine ya gemu kwa ajili ya chaji? Jina la kampuni silitaji, kwa sababu mlio ninaotaka kuuzungumzia unapatikana kwenye mashine za kampuni nyingi.

Dukani husikii kitu. Mwanjelwa mchana kuna bodaboda, spika za matangazo na kila mtu anaita mteja wake. Ni usiku, nyumbani Forest, milango imefungwa kwa ajili ya baridi, ndipo mlio mwembamba ulipojitokeza upande wa kushoto, juu ya keybodi. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, umefungia mbu humo ndani?"

Fundi wa kwanza aliitazama hata bila kuiwasha. "Feni hiyo, broo. Laki na nusu, kesho unachukua." Ufundi wa namna hii siukubali. Feni ina tabia zake: inaongeza kasi kadiri joto linavyopanda, na ukifunga gemu inaendelea kupuliza mpaka chuma kipoe. Mlio wangu ulikatika saa ileile niliyotoka kwenye gemu, feni zikiwa bado zinapuliza. Tena ulikuwa mkali zaidi kwenye menyu, pale ambapo picha imetulia na hakuna kinachofanyika, kuliko katikati ya mechi. Hicho ndicho kilichonifanya niirudishe mashine kwenye begi.

Fundi wa pili, mtu mzima pale Kabwe, aliniambia, "Washa, mwanangu, kwanza tuisikilize." Akaviringisha karatasi ya risiti ikawa mrija, ncha moja sikioni, nyingine akaitembeza polepole juu ya keybodi. Kwenye matundu ya feni ya kulia akasimama: pale kulikuwa na mkwaruzo mzito. Akahamia kushoto, karibu na kadi ya picha (kile kifaa kinachochora picha za gemu), akanipa mrija nami nisikilize. Kumbe kulikuwa na milio miwili, na mimi nilikuwa nausikia mmoja.

Wa kulia ulikuwa wa vumbi. Kiangazi cha huku mnakijua, na feni zinavuta kila kitu. Alifungua mfuniko wa chini, akaizuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke wakati blowa inapuliza (ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibu beringi zake), akatoa donge la vumbi na nyuzi za blanketi lililokuwa limeziba mapezi ya kutolea joto. Akabadilisha pia ile dawa ya kupooza joto iliyokauka juu ya prosesa. Elfu 20, mkwaruzo ukaisha. Hakuna feni iliyonunuliwa.

Wa kushoto ulibaki, na ni wa koili. Kwenye bodi kuna koili ndogo, yaani nyaya zilizoviringishwa, zinazosaidia kutuliza umeme unaoingia kwenye kadi ya picha. Kadi inavuta umeme kwa mapigo, kila pigo linazitikisa koili kidogo, na mtikisiko ukiwa kwenye kasi ambayo sikio linaikamata, unasikia zzzz. Ndiyo maana menyu inapiga kelele: picha yake ni rahisi, kwa hiyo kadi inachora mamia ya fremu (picha moja moja) kwa sekunde bila mtu kuizuia. Mlio huu peke yake hauunguzi kitu, na watengenezaji wengi hawauhesabu kuwa ubovu, kwa hiyo waranti usiitegemee sana.

Dawa yake kwangu ilikuwa kuweka kikomo cha fremu. Kwenye mipangilio ya kadi ya NVIDIA kuna sehemu ya kuweka kiwango cha juu. Niliweka 60, mlio ukashuka mpaka unausikia tu ukiinamia keybodi. Kwa 90 unarudi kidogo. Mpira nacheza kwa 60 bila kinyongo. Wanaocheza gemu za risasi watanuna, nawaelewa.

Tahadhari moja kuhusu chaja. Wengi wanakwambia chomoa, mlio ukipotea basi chaja ni mbovu. Si lazima iwe hivyo. Ikiwa kwenye betri, laptopu ya gemu hujibana umeme yenyewe, kadi inavuta kidogo, na koili zinatulia. Kama unaishuku chaja, weka sikio kwenye lile tofali lake wakati gemu inaendelea, kisha jaribu soketi nyingine. Na mvumo unaousikia kwenye hedifoni tu, wala hauko kwenye bodi ya mashine yenyewe, ni kesi nyingine ya sauti na ethi (waya wa umeme unaokwenda ardhini) ya nyumba.

Unapokwenda kununua, mwambie muuzaji afungue gemu, aiache kwenye menyu, mzime redio ya duka, uiname usikilize. Akisema hana gemu, nenda na yako kwenye flashi. Naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja nimeikata kwa sababu ya betri.